Kidaka Kinasema Nini? Nyumba ya Makumbusho ya Lamu na Tenzi za Kale

Mgeni anayeshuka gatini Lamu huwa amekwisha kuambiwa pa kwenda. Ataonyeshwa Ngome, iliyomalizika kujengwa yapata mwaka 1821. Ataonyeshwa Makumbusho ya Lamu, yaliyofunguliwa mwaka 1971 katika jumba la pwani lililokuwa makazi ya maofisa wa serikali ya Kiingereza. Ataingizwa katika kijumba kilichokuwa posta ya Wajerumani tangu 1888 hadi 1891, na baada ya dakika kumi atakuwa amekwisha kutoka. Mwishowe, akiwa na mwongozaji mwenye subira, atapitishwa katika vichochoro vya ndani mpaka kwenye nyumba moja ya mawe ya karne ya 18, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yameihifadhi ili kuonyesha namna waungwana wa Lamu walivyoishi.

Kati ya hizo nne, nyumba hii ndiyo yenye deni kubwa kwa mpenda mashairi. Ngome ina historia ya vita, posta ina historia ya stempu. Nyumba ya mawe ina historia ya tenzi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushairi mkongwe wa pwani ya kaskazini ilitungwa, ikaandikwa kwa hati za Kiarabu na ikasomwa kwa sauti katika vyumba vya namna hii. Hata hivyo mgeni huingia humo kwa macho matupu. Huambiwa chumba hiki kazi yake ni hii, chombo hiki jina lake ni hili, akatoka akiwa amejifunza majina mengi na hakusikia neno lililosemwa ndani ya kuta zile.

Majina yenyewe yana utamu wake, na haifai kuyapita mbio. Mlangoni pana daka, lenye mabaraza ya kukalia wageni wasiokuwa na haja ya kuingia. Kisha tekani, penye kona ya makusudi ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Kisha kiwanda, ua ulio wazi juu, unaoiletea nyumba mwanga na hewa. Pembeni mwa kiwanda pana sabule, chumba cha mgeni wa kiume. Kutoka kiwandani nyumba inapanda kidogo kidogo, kidato kwa kidato: msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho wake chumba kinachoitwa ndani, neno ambalo kwa watu wengine ni kielezi tu cha mahali na kwa Lamu ni jina la chumba. Kila chumba ni kirefu na chembamba, maana upana wake hauwezi kupita urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari. Msitu wa mikoko ndio uliopima vyumba vya waungwana. Chooni mna birika la maji lenye visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na hapo ndipo wageni wengi hutabasamu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa wamekuta kitu wanachokielewa bila ya kufasiriwa.

Halafu zipo zidaka. Ndivyo watu wa Lamu wanavyovitamka vidaka, vile vishubaka vya plasta ya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa ndani, vikiwa vimenakishiwa kwa kisu kabla chokaa haijakauka. Humo ndimo zilimopangwa sahani na bakuli za kauri za Uchina, vitabu na vyombo vya thamani. Mtafiti Linda Donley, aliyezichunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, alieleza kwamba kauri hizo hazikuwa pambo peke yake. Ziliaminiwa kuwa kinga ya jicho baya, na chumba cha ndani kilihitaji kinga kuliko vyote, kwa sababu humo ndimo wanawake walimojifungulia na ndimo maiti walimooshewa. Kwa hiyo ukuta mzuri kuliko yote katika nyumba ulielekea kitanda cha uzazi na cha mauti. Mgeni akiambiwa kwamba zidaka ni urembo, ameambiwa nusu ya habari.

Nusu ya pili imo katika Al-Inkishafi. Utungo huo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate aliyeishi kwa kukisia baina ya mwaka 1720 na 1820, unasifiwa mara nyingi kwa hekima yake na mara chache kwa jicho lake. Mshairi anauonya moyo wake juu ya udanganyifu wa dunia, na hilo wamelifanya washairi wengi. Wachache ndio walioonya kwa kutumia ramani ya nyumba. Yeye anapita chumba kwa chumba. Anazitaja taa za fuwele na za shaba zilizoufanya usiku kuwa kama mchana. Anaitaja kauri iliyojaa katika zidaka. Kisha anarudi katika vyumba vilevile na kuonyesha vilivyokuwa baada ya wenyewe kuondoka. Buibui wametanda. Popo wananing'inia. Mahali pa sahani mnalala makinda ya ndege wa mwituni, na penye kelele za karamu panasikika wadudu wa gizani. Asiyewahi kukiona kidaka huisoma picha hiyo ya makinda kama pambo la ushairi. Aliyesimama mbele ya ukuta wa nyumba ya Lamu na kuona jinsi kila kishubaka kilivyo na kina na upana wa kutosha kiota huelewa mara moja kwamba mshairi alikuwa akisema alichokiona.

Hapa ndipo uhakiki wa nyumba hii unapopaswa kuanza, maana makumbusho yamefanya kinyume cha alichokifanya mshairi. Sayyid Abdallah aliitoa kauri katika kidaka akamweka ndege. Warekebishaji wamemtoa ndege, wakapaka chokaa upya, wakarudisha vyombo vya zamani mahali pake. Utungo unasema nyumba hufa, na mwenye nyumba hufa kabla yake. Makumbusho yanasema nyumba haikufa, tazama, kitanda kimetandikwa. Zote mbili ni hoja, na yoyote ikisikika peke yake inapotosha. Mwenye kuusoma utungo bila ya kuiona nyumba hudhani kwamba mshairi alikuwa akiichukia dunia, ilhali mtu hawezi kuzieleza taa kwa uchungu namna ile pasipo kuzipenda. Na mwenye kuiona nyumba pasipo utungo hudhani kwamba maisha yale yalikuwa raha tulivu isiyokuwa na hofu, kumbe hofu ya kuporomoka ilikuwa imo katika vinywa vya wenyewe tangu nyumba zikiwa zimesimama.

Mji aliouomboleza mshairi ni Pate, na si Lamu. Wanaofika Pate leo hukuta mashamba ya tumbaku ndani ya kuta za magofu ya Wanabahani, majani mapana ya kijani yakiota palipokuwa na sakafu. Pate ingefaa kuwa sehemu ya pili ya ziara hiyo, kwa yeyote aliye na siku moja zaidi na asiyeogopa safari ya mashua, maana huko ndiko utungo ulikoachwa kama ulivyo, bila ya kupakwa chokaa.

Lamu haikuporomoka namna hiyo. Mwaka 2001 mji wake wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na kwa haki: watu wanaishi humo, misikiti inasaliwa, punda wanapita na mizigo. Lakini tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 nyumba nyingi za mawe, hasa Shela na pia Lamu mjini, zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya na kwingineko. Wengine wamezitengeneza kwa ustadi na kwa heshima, wakawapa kazi mafundi wa chokaa na wa kuchonga ambao pengine wangebaki bila kazi. Lawama rahisi hazifai hapa. Lakini ni lazima kuuliza utungo wa Sayyid Abdallah ungesema nini mbele ya hali hii, na jibu ni kwamba hauna la kusema. Mshairi aliujua msiba wa nyumba kuvunjika baada ya wenyewe kutoweka. Hakuujua msiba wa nyumba iliyo nzima, kuta nyeupe, taa zinawaka, zidaka zina kauri, na waliorithi nasaba yake wanakaa nje ya mji katika chumba cha bati, wakiwa wameuza kwa bei ambayo hawangeweza kuikataa. Beti za msiba huo bado hazijatungwa, au kama zimetungwa hazijapata kusomwa mahali panapostahili. Wakati huo nyumba ya makumbusho inazidi kuwa na uzito ambao waliyoihifadhi pengine hawakuukusudia, kwa kuwa ni katika zile chache ambazo mtoto wa Lamu anaweza kuingia mpaka chumba cha ndani bila ya kualikwa na mtu.

Kuna sauti nyingine ambayo nyumba hii ingeweza kuibeba kwa urahisi zaidi, nayo ni ya mwanamke. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na akafariki Lamu miaka michache baadaye. Utendi huo umejadiliwa sana kwa upande wa utiifu wa mke kwa mume, na mjadala huo una haki yake. Wasomaji wa kike wa miaka ya karibuni wameusoma kwa ukali, na wengine kwa kuona kejeli iliyofichwa. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba utendi huo ni utungo wa nyumba kuliko wa ndoa. Mwendo wake ni wa mtu anayejua mahali pa kila kitu. Kuna kufagia, kuna kufukiza udi, kuna kumpepea aliyelala na kunyamaza asije akaamka. Mama anayesema maneno hayo hawezi tena kuinuka kuyatenda, naye anampa binti yake chumba kizima kwa maneno. Ukisimama msana wa yuu, ukatazama umbali mfupi uliopo baina ya kitanda na zidaka, utatambua kwamba dunia ya utendi ule ina ukubwa wa hatua chache, na kwamba mtungaji aliifanya itoshe.

Laiti mgeni angesomewa beti kumi tu mahali hapo, kwa sauti ya mwanamke wa Lamu na kwa lahaja yake ya Kiamu, kabla hajaelezwa kinu na mbuzi ya nazi! Mashairi husomwa katika Tamasha la Utamaduni la Lamu mbele ya umati wa watu, na ni jambo jema, lakini utendi wa Mwana Kupona haukutungwa kwa ajili ya umati. Ulitungwa kwa sikio moja, katika chumba ambacho kila neno hurudi kutoka kwenye chokaa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba tenzi zitaponya kila upungufu wa makumbusho. Upo ukimya mmoja ambao yote mawili yanashirikiana. Nyumba kubwa za mawe zilikuwa na ghorofa, na familia ya mwungwana iliishi juu. Chini palikuwa na ghala, kazi na watumwa. Matumbawe yalibebwa na mtu, chokaa ilichomwa na mtu, na maji ya lile birika lenye visamaki hayakujiteka kisimani. Mgeni akisifia ubaridi wa vyumba vya juu bila ya kuonyeshwa vya chini, amesifia nusu ya nyumba. Na ushairi? Mwana Kupona anawataja watumwa, lakini anawataja ili kumwambia binti yake asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Ni ubeti mmoja unaofanya kazi ya ukuta. Al-Inkishafi nayo inaomboleza karamu na haimtaji aliyeziandaa. Mhakiki anayetaka kuyalaumu makumbusho kwa kuwasahau watu wa chini hana budi kukiri kwamba makumbusho yamejifunza kusahau kutoka kwa walimu wakubwa.

Mfano wa wazi wa jambo hilo uko katika lile jumba la pwani, zinapoonyeshwa siwa mbili: ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba, na ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Kwa uzuri hakuna kitu katika makumbusho yote ya mwambao kinachozishinda. Mgeni huzizunguka, akastaajabia nakshi, akaondoka. Lakini siwa ni pembe ya kupulizwa. Ililia katika harusi na katika shughuli kubwa za mji, na kuliliwa nayo ilikuwa heshima ya wenye nasaba; watu waliokaa chini ya boriti waliisikia ikilia kwa ajili ya wengine. Katika kioo chake imekuwa sanamu. Haiwezekani kudai kwamba chombo cha umri ule kipulizwe kila asubuhi kwa ajili ya watalii, lakini ni haki kudai kwamba maelezo yake yaanze na mlio wake na kwa ajili ya nani ulikuwa, ndipo yafike kwenye nakshi.

Ngome nayo, kwa kupita tu, ina mshairi wake. Bwana Zahidi Mngumi, mmoja wa wakuu wa Lamu, alitunga mashairi ya kuwahimiza watu wake katika ugomvi wao na Pate na Mombasa, na kwa muda ule beti zilivuka bahari kwenda na kurudi kama barua za kibalozi zenye vina. Jengo hilo liligeuzwa jela, likabaki jela mpaka mwaka 1984, kisha likakabidhiwa makumbusho. Kuta zake zimesikia mengi, na ya Bwana Zahidi ndiyo rahisi kurudishwa, kwa kuwa yamo vitabuni.

Mtu aliyeziunganisha nyumba na tenzi kwa mikono yake mwenyewe alikuwa Muhammad Kijuma, aliyezaliwa Lamu yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango. Mikono iliyoipitisha patasi juu ya mbao ndiyo iliyoinakili Al-Inkishafi na tenzi nyingine kwa hati nzuri ya Kiarabu, na kwa nakala zake wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens waliufikia ushairi wa Lamu. Hichens alilitoa toleo lake la Al-Inkishafi mwaka 1939. Anayezijua kazi zake zote mbili huona kwamba fremu za maua alizozizungushia kurasa ni jamaa wa karibu wa zile alizozichonga katika vizingiti, na kwamba kwake ukurasa na mlango vilikuwa vitu vya aina moja: vya kufunguliwa ili mtu aingie.

Milango ilibaki Lamu, maana haichukuliki kwa urahisi, ingawa biashara ya milango ya kale imewahi kujaribu. Kurasa nyingi zilikwenda, na leo zinatunzwa London katika maktaba ya chuo cha SOAS, zikitunzwa vyema, tena zimewafaa watafiti wa nchi nyingi. Hakuna haja ya kugombana na London ili kuanza. Nakala moja ya ukurasa wa Kijuma, wenye beti za taa na za makinda ya ndege, ingeenea katika kidaka kimoja cha nyumba ya makumbusho, safu ya tatu kutoka chini, usawa wa macho ya mtu mzima, mahali palipokuwa na sahani ya kauri.